Kushauri ni Marufuku

Jantine Veldkamp alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali, koti begani tayari, mkono wa kushoto umefungwa plasta kutoka kwapani hadi vidoleni. Hakutaka kumtazama mtu.

"Nimeshasema, Inspekta. Watu wawili tu walijua nimehamia wapi. Dada yangu na Daktari Havinga, mwanasaikolojia wangu. Na Daktari Havinga hata umchome pasi ya moto hasemi."

"Kwa hiyo ni dada yako."

"Sijui. Wewe ndiye unayelipwa ujue."

Inspekta Roelien Bulthuis hakukasirika. Miaka thelathini katika polisi ya Groningen ilikuwa imemfundisha kwamba kukasirika asubuhi ni ubadhirifu. Jioni utakuta hasira imekwisha na kazi ndiyo kwanza inaanza. Alivuta kiti, akakaa, magoti yakamlia.

Mambo yenyewe yalikuwa machache na mabaya. Baridi ilipoisha, Jantine alimkimbia mumewe, Koert, baada ya miaka ya vipigo. Mahakama ikampiga Koert marufuku kumsogelea. Jantine akahamia Uithuizen, huko kwenye mashamba ya viazi, mlangoni akaandika jina la ukoo la bibi yake, na namba ya simu akabadilisha. Ijumaa iliyopita, akiwa anaandaa chakula cha jioni, kengele ililia, na aliyesimama kizingitini alikuwa Koert. Kama jirani asingesikia kelele na kuja mbio na koleo la bustani, leo Roelien angekuwa anahojiana na maiti. Koert alitoroka kwa gari, na mpaka asubuhi hii hakuna aliyemwona.

"Saa nane mchana ofisa wa ustawi wa jamii atakuja kukuchukua," Roelien alisema. "Unaijua nyumba unayopelekwa?"

"Amenionyesha kwenye ramani. Iko Veendam."

"Basi iishie kwako. Usimwambie mtu. Dada, shoga, mchungaji, yeyote."

"Nimwambie nani tena?" Sauti ya Jantine ilikatika. "Dieuwke ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Kama ni yeye, basi mimi sina mtu duniani."

Roelien alikuwa na majibu ya kumpa, yale ya mafunzoni, ila hakuyaamini hata kidogo. Alichojua ni kwamba kuna mdomo uliovuja, na kama hautazibwa leo, Koert atafika Veendam kama alivyofika Uithuizen. Na huko huenda jirani asiwe na koleo.

*

"Kompyuta safi," Sajini Wubbo Dallinga alimwambia kwenye simu wakati Roelien akiegesha gari. "Mafundi wetu wameichambua mitambo yote ya kliniki ya Havinga. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyechota kitu."

"Na simu ya Koert?"

"Ameizima tangu Ijumaa. Orodha ya aliowapigia, kampuni inasema kesho."

"Kesho!"

"Wana foleni, mkuu. Nchi hii hata uhalifu unachukua namba."

Wubbo alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na tangu alipoandika barua ya kustaafu alikuwa anafanya mzaha kwa kila kitu. Roelien alimwonea wivu, akakata simu.

Kliniki ilikuwa nyumba ya matofali nyuma ya bustani ya jiji, baiskeli zimerundikana ukutani. Ndani walifanya kazi wanasaikolojia wawili tu: Eltjo Havinga, mzee ambaye nusu ya wataalamu wa kaskazini walipitia mikononi mwake, na Sietske Noordhof, mwanafunzi wake wa zamani, aliyefungua mlango akiwa na sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa.

"Nimekuja kwa habari ya Jantine Vel..."

Sietske aliinua kidole mdomoni upesi. Kwenye chumba cha kungojea palikuwa hapana mtu, ni kiti kimoja tu na mmea uliokuwa unakufa polepole.

"Samahani, Inspekta. Humu hatutaji majina kwenye korido. Mgonjwa anaingia mlango huu, anatokea ule wa nyuma, ili asikutane na mwenzake. Hata wakionana tu tunahesabu tumekosea."

"Naona. Na Daktari Havinga?"

"Anakungoja. Nitakaa nanyi."

"Si lazima."

"Mimi huwa nakaa naye akija mtu wa serikali," Sietske alisema, kwa upole uleule, akatangulia.

Havinga alisimama kumpokea. Alikuwa mrefu, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, na kiganja chake kilikuwa na joto la kumfanya mtu atake kukaa na kusimulia maisha yake yote. Roelien alijikaza asisimulie. Sietske akamimina kahawa, akapitisha kopo la biskuti, kila mtu akachukua moja, kopo likafungwa.

"Nani alijua Jantine Veldkamp anaishi Uithuizen?" Roelien aliuliza.

"Mama, siwezi kukuthibitishia kama mtu huyo ni mgonjwa wangu," Havinga alisema akitabasamu. "Angekuwa wangu, nisingekuambia alichosema. Asingekuwa wangu, nisingekuambia hilo pia."

"Yeye mwenyewe ametia saini kuruhusu. Karatasi hii hapa."

"Basi ana ulimi wake, mwulize yeye. Mimi ulimi wangu niliuweka rehani siku nilipopewa leseni. Utakunywa kahawa?"

Roelien aliinua kikombe kilichokuwa mkononi mwake, kimejaa.

"Ah, umeshapata. Vizuri."

"Kuna mtu alikupigia kumuulizia? Mumewe, labda?"

Havinga alimtazama Sietske kwanza, kisha akarudisha macho. "Siwezi kukuthibitishia kama mtu huyo ni mgonjwa wangu," alisema, maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. "Angekuwa wangu, nisingekuambia. Lakini nisamehe, hatujakupa hata kahawa!"

Sietske alicheka. Alicheka zaidi ya kilichochekesha, kisha akasimama na kusema daktari ana mgonjwa sasa hivi.

Roelien alitoka akiwa amekwisha kulifuta jina la Havinga kichwani. Mzee alikuwa amechoka kidogo, mkaidi kidogo, lakini siri aliilinda kama askari wa zamu. Ukimbana mtu mara tatu na mara tatu akakupa ukuta uleule, ukuta huo ni wa kweli. Ilibaki dada mtu.

Alikuwa anavaa koti kwenye korido wakati mgonjwa anayefuata alipoingia, bibi mmoja mwenye kofia ya sufu na mkoba aliouminya kifuani. Sietske alimshika kiwiko, akamfikisha mlangoni pa Havinga, akagonga.

"Eltjo, huyu ni Bi. Postma. Yule aliyefiwa na mumewe mwezi wa pili, mwanawe yuko Kanada."

Bi. Postma akawa mwekundu hadi shingoni. Mlango ukafungwa. Sietske aligeuka, akakuta Roelien anamtazama, na akaanza kuupanga upya mmea uliokuwa unakufa.

*

Dieuwke Veldkamp alikuwa mwalimu wa kuogelea, na alikataa kutoka bwawani.

"Ukitaka kunihoji, vaa vile vifuko vya miguuni uje huku. Nina watoto kumi na wawili majini, hawawezi kuelea wakisubiri serikali."

Roelien akavaa vifuko vya plastiki juu ya viatu, akasimama kando ya bwawa, jasho likimtoka ndani ya koti. Watoto walikuwa wanaogelea na suruali, mashati na viatu. Nchi hii mtoto hapewi cheti chake cha kwanza cha kuogelea mpaka aonyeshe kwamba akitumbukia mferejini na nguo zake atatoka mzima.

"Miguu, Joppe! Miguu hiyo si mapambo!" Dieuwke alipaza sauti, kisha akamgeukia Roelien bila kuiachia fimbo ndefu ya kuokolea. "Haya. Unataka kujua kama nimemuuza mdogo wangu."

"Nataka kujua nani alimwambia Koert."

"Koert alinipigia mwezi uliopita. Ananiita shemeji, sauti imelainika kama siagi. 'Shemeji, nataka kujua tu kama ni mzima.' Nikamwambia ni mzima kuliko utakavyokuwa wewe siku nikikutia machoni." Alimsukuma mtoto mmoja kwa ncha ya fimbo arudi kwenye mstari. "Sasa Jantine hapokei simu yangu. Nimepeleka supu hospitali, nesi ameirudisha. Unajua, dada, mimi nimembeba mtoto yule mgongoni. Supu yangu inarudishwa!"

Macho yake yalikuwa mekundu, na Roelien hakuweza kujua kama ni ya klorini. Alikuwa amehoji waongo wengi. Wengi wao hujieleza. Huyu alikuwa amekasirika tu, tena ameumia, na hakujali kama anaaminiwa.

"Koert aliwapigia wengine?"

"Aliwapigia wote! Mwajiri wa zamani wa Jantine, msusi wake. Na bila shaka yule Havinga wao."

"Havinga wao?"

"Ndiyo, wao. Hukujua? Walikuwa wakienda wote wawili zamani, ndoa ilipoanza kuoza. Kila Alhamisi. Koert alikuwa anampenda mzee yule, akitoka mle ndani analia kama mtoto. Baadaye ndoa ilipokufa kabisa, Jantine akaendelea peke yake. Joppe, nimesema miguu!"

Roelien alisimama pale na mvuke wa klorini ukimwingia puani, na mambo aliyokuwa ameyaweka pembeni yakaanza kujipanga yenyewe. Mwanamke asiyetaka jina litajwe kwenye korido tupu ndiye aliyetangaza msiba wa Bi. Postma mbele ya polisi. Mtu wa namna hiyo havunji sheria yake kwa bahati mbaya. Anaivunja kwa sababu aliye upande wa pili wa mlango hajui anayeingia ni nani. Na ule ukuta wa Havinga, maneno yaleyale mara mbili, haukuwa ukaidi. Yalikuwa maneno ya miaka arobaini, yanajisema yenyewe mtu akija na karatasi na sauti ya kiserikali. Lakini akija mtu anayemfahamu, akamwita kwa jina, akazungumza kwa unyenyekevu?

Kikulacho ki nguoni mwako. Roelien alijilaumu, lakini si kwa muda mrefu, maana hata kujilaumu kunahitaji nguvu.

"Dieuwke," alisema akivua vile vifuko, "supu hiyo usiimwage."

*

Safari hii hakungoja kukaribishwa. Alimkuta Sietske jikoni kwa kliniki, anakula mkate na jibini amesimama.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, Inspekta?"

"Bi. Sietske, mimi nimechoka, na wewe ukijitazama kwenye kioo utaona umechoka kuliko mimi. Tuhurumiane. Tangu lini hakumbuki?"

Sietske aliuweka mkate chini. Alijaribu kuanza na "kuhusu hali ya mwenzangu", akaishia njiani, akakaa.

"Mwaka wa pili sasa."

"Na wewe ndiye unayemwambia nani anaingia."

"Namwambia jina na shida. Ukishamwambia hilo, anakuwa yuleyule wa zamani. Anawasaidia, Inspekta, naapa. Wanatoka wamepata nafuu. Ni... ni kati ya mgonjwa na mgonjwa ndipo anapopotea."

"Na simu? Nani anamwambia aliye kwenye simu ni nani?"

Sietske aligeuza macho kuelekea chumba cha Havinga. Simu ya Havinga ilikuwa ya mezani, ya zamani, ndani ya chumba chake, na inaonekana hilo hakuwahi kuliwaza, au aliliwaza akalikimbia.

"Nani mwingine anajua?"

"Kikundi chetu." Alijifuta pua kwa karatasi ya jikoni. "Wataalamu sita, na yeye mmojawapo. Tunakutana kila mwezi, kila mtu anakuja na kinachomlemea kazini. Ndivyo tunavyoangaliana. Kuna sheria moja tu: kushauri ni marufuku. Unauliza. Unauliza mpaka mwenzako afike mwenyewe. Eltjo ndiye aliyetufundisha hivyo."

"Na mkauliza."

"Siku moja alileta kisa cha mgonjwa mezani, akakisimulia nusu saa. Sote tukagundua ni wagonjwa wawili waliochanganyika. Tukamuuliza, unahisi nini unaposimulia? Akasema anahisi uchovu. Tukakaa na uchovu wake."

"Mkakaa nao."

"Mwezi mwingine akaniita kwa jina la marehemu mkewe. Tukamuuliza jina hilo linamletea nini. Akalia. Kilikuwa kikao kizuri sana, kila mtu alisema hivyo."

Roelien alijikuta amesimama. "Watu watano wenye shahada ukutani, hakuna hata mmoja aliyesema: Eltjo, nenda ukapimwe kichwa?"

"Ingekuwa kumnyang'anya safari yake. Mtu lazima afike mwenyewe, Inspekta, ukimburuta hafiki. Tuliona anakaribia. Kweli tuliona anakaribia."

"Safari! Kuna mwanamke hospitalini ana plasta kutoka kwapani mpaka vidoleni, hiyo ndiyo safari yenu!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, na ubadhirifu ule alioukimbia asubuhi ukawa umemkuta jikoni kwa watu. Mganga hajigangi, hilo linajulikana. Lakini waganga watano kushindwa kumganga wa sita kwa sababu ya adabu, kila mwezi, na kahawa na biskuti moja moja, lilimtia uchungu kuliko Koert mwenyewe. Koert alikuwa mbaya na alijua ni mbaya. Hawa walipendana.

"Ubaki hapa," alimwambia Sietske. Alivua koti, akachomoa kitambulisho cha polisi shingoni, akaviacha mezani. Aligonga mlango wa Havinga kama anavyogonga jirani.

Mzee aliinua uso. Hakumtambua, na hakuona haya yoyote kwa hilo.

"Habari za mchana, Daktari," Roelien alisema, akaketi bila haraka. "Koert anakusalimu."

Uso wa Havinga ukachanua.

"Koert! Akitulia ni kijana mpole sana yule. Tumeongea asubuhi hii hii, kwa simu ya kuazima."

"Ndiyo, aliniambia. Anahangaika na mkewe."

"Nimemwambia asihangaike. Jantine alinipigia asubuhi, masikini, ana wasiwasi wa kuhama. Nikamwambia Koert, nenda Veendam, ile nyumba ya kona karibu na stesheni, lakini nenda polepole, usimshtue. Yule bwana alikuwa na maua ya kumpelekea mara ile, hata anwani hana! Mimi nikampa. Mume hana anwani ya mkewe, unaona watu wanavyopoteana? Ndoa ni kazi, mama. Alhamisi wakija nitawapongeza wote wawili."

"Alhamisi," Roelien alisema, kwa shida.

"Kila Alhamisi. Utakunywa kahawa?"

Kwenye korido alipiga simu. Gari la ustawi lilikuwa limeshaondoka hospitalini.

"Wubbo. Gari la Jantine ligeuzwe sasa hivi, lisiingie Veendam. Waambie wamrudishe hospitali, walinzi wawili mlangoni. Kisha wewe nenda pale kwenye nyumba na watu, msiwashe taa, msipige honi."

"Yupo huko?"

"Kama hayupo, yuko njiani."

"Nani aliyemwambia?"

"Nenda, Wubbo."

Kisha alimpata Jantine kwenye simu, aliyekuwa kiti cha nyuma cha gari lililogeuzwa. Hakumlaumu, alimuuliza tu amemwambia nani.

"Uliniambia nisimwambie mtu," Jantine alisema, haelewi. "Sikumwambia mtu! Nilimpigia Daktari Havinga tu. Yeye si mtu, yeye ndiye ninayemwambia."

Walingoja jikoni, Roelien na Sietske, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anahisi nini. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga kwa fujo. Mgonjwa wa saa tisa alifika, Sietske akamrudisha nyumbani kwa sauti ambayo haikuwa ya kubembeleza tena.

Simu ilipolia Roelien aliipokea kabla haijamaliza mlio.

"Tunaye," Wubbo alisema. Alikuwa anahema. "Alikuwa ndani ya gari, ng'ambo ya ile nyumba, amekaa kama mtu anayengoja basi. Maua ya kituo cha mafuta kwenye kiti cha mbele. Nyundo chini ya kiti."

"Amesema nini?"

"Kwamba amekuja kuomba msamaha."

"Na nyundo?"

"Ya kupigilia msamaha usianguke, nadhani." Kisha mzaha wote ukamwisha. "Tungechelewa kidogo tu, Roelien."

"Najua."

Alimpigia Jantine tena. Alimwambia kwamba Koert yuko mikononi mwa polisi. Alimwambia si Dieuwke, wala hakuwa Dieuwke hata mara moja, na kwamba supu ipo. Upande wa pili kilio kikaanza, cha mtu aliyeshikilia pumzi tangu Ijumaa.

"Basi ni nani?" Jantine aliuliza mwishowe.

"Nitakuja kukuambia uso kwa uso," Roelien alisema. Hilo nalo lingemvunja, alilijua, na hapakuwa na plasta yake.

*

"Sasa ni zamu yako," Roelien alimwambia Sietske.

"Yangu?"

"Mlango naweza kuufunga mimi. Leseni watamfutia wenye kazi yao. Lakini kuambiwa, ataambiwa na wewe."

Sietske alinyoosha sketi yake. "Nitamuuliza kwanza kama yuko tayari ku..."

"Humuulizi kitu. Unamwambia."

Waliingia pamoja. Havinga alikuwa dirishani, mikono nyuma, anatazama baiskeli. Sietske alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, labda bila kufikiri. Mzee akakaa mbele yake, akaegemea kidogo, akawa tayari kusikiliza, na kwa kweli hapajawahi kuwa na mtu aliyejua kusikiliza kama yule.

"Eltjo," Sietske alianza, "naona kama... Unajisikiaje ukifikiria kwamba..."

Roelien alikohoa.

Sietske alifumba macho. Alipoyafumbua, maneno yalitoka mafupi, moja moja, kama mtu anayetapika mawe.

"Eltjo. Kumbukumbu yako inakutoka. Imekuwa inakutoka kwa muda mrefu, na sisi sote tunajua. Ulimwambia Koert anakoishi Jantine. Akaenda akamvunja mkono. Leo asubuhi umemwambia tena. Amekamatwa, Jantine yuko salama. Lakini hutaona mgonjwa tena. Kuanzia sasa. Nipe funguo."

Roelien alitegemea ubishi, au lile tabasamu na kahawa. Havinga alimtazama mwanafunzi wake kwa muda, na katika muda ule alikuwa pale mzima, hapana kilichopotea.

"Jantine," alisema. "Mkono upi?"

"Wa kushoto."

Aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondokea kwenye suruali, naye hakuyafuta. Kisha alitia mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka kiganjani mwa Sietske na kukifumba kiganja kile kwa vidole vyake mwenyewe.

"Kila mwezi nilikuja kwenye kikundi," alisema. "Nilivaa tai. Nilikuwa najiambia, leo wataniambia. Nanyi mkaniuliza najisikiaje."